Kengele ya Boila Ikilia Mara Mbili



Katika miezi hii tumepita katika viwanda kadhaa vya chai vya magharibi ya Uganda, na karibu kila tawi limetuuliza swali moja. Mwajiri ameleta sanduku lenye taa na kengele, limefungwa ukutani karibu na boila, na pengine lina uwezo wa kupeleka habari hadi kwenye simu ya meneja. Halafu anasema: zamani mtu alikaa mbele ya boila usiku kucha akitazama kioo cha maji, sasa hakuna haja, kengele itamwita jambo likitokea. Kwa hiyo zamu ya usiku iwe na mtu mmoja badala ya wawili, na huyo mmoja aangalie boila mbili, tena asaidie kwenye mashine ya kukausha majani.

Hatuandiki haya ili kuipinga kengele. Kengele nzuri imeokoa watu wengi. Lakini tumeona wajumbe wetu wakiingia mkutanoni na meneja bila kujua sanduku lile linafanya kazi namna gani, na meneja naye anasoma tu karatasi aliyopewa na muuzaji. Mwisho watu wanabishana juu ya mishahara, na jambo la wakati halitajwi. Nalo ndilo kubwa. Kengele italia lini, na ikisha kulia, italia tena baada ya muda gani?

Tuanze na mlinzi wa usiku. Kuna mlinzi anayezunguka ghala kila saa moja, mvua inyeshe isinyeshe, mwizi awepo asiwepo. Huyo anafanya kazi kwa saa. Na kuna mbwa aliyelala mlangoni, ambaye hainuki mpaka asikie kitu. Huyo anafanya kazi kwa tukio. Mlinzi atatembea mara nyingi bure, na mwizi mjanja anaweza kuingia katikati ya mizunguko miwili. Mbwa hatembei bure, na akibweka kuna sababu. Sanduku la boila ni kama mbwa. Halimwiti mtu mpaka maji yashuke chini ya alama, au presha ya mvuke ipite kiwango kilichowekwa.

Njia hii ya tukio ina faida ya kweli, na tusiifiche. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa mji wa Lund huko Sweden, Karl Johan Åström na Bo Bernhardsson, walipiga hesabu ya kitu chepesi kinachosukumwa huku na huku na bahati nasibu. Walilinganisha njia mbili za kukirudisha mahali pake: kukirudisha kila baada ya muda uliopangwa, au kukirudisha pale tu kinapovuka mpaka. Idadi ya kukirudisha ilikuwa ile ile kwa wastani. Walikuta kwamba kwa njia ya tukio, kutangatanga kwa kitu hicho, kwa kipimo wanachotumia wao, kulishuka hadi theluthi moja. Kwa hiyo meneja akisema kwamba kumwita mtu kwa tukio ni bora kuliko kumtuma kila nusu saa, ana haki yake. Tumkubalie hapo, ili atusikilize katika mengine.

Boila yetu nayo inasukumwa na bahati nasibu. Kuni moja ni kavu, nyingine imekatwa juzi tu. Mashine ya kukausha inafunguliwa, mvuke unatoka kwa wingi ghafla, na maji ndani ya boila yanafura kama maziwa jikoni, ingawa kwa kweli yanapungua. Halafu yanatulia na kushuka. Anayetazama kioo huona maji yakicheza juu na chini bila kukoma. Sasa fikiri mstari umechorwa kwenye kioo hicho, na kengele imeambiwa ilie kila maji yanaposhuka chini yake. Maji yakiwa karibu na mstari, yatauvuka, yatarudi, yatauvuka tena. Kengele italia, itanyamaza, italia. Pampu itawaka na kuzimika mpaka swichi yake iungue.

Wenye hesabu wamelithibitisha jambo hili kwa njia inayoshangaza. Kitu kinachotangatanga kwa bahati nasibu tupu, mara kinapogusa mstari hakiugusi mara moja kikaenda zake. Huukatiza huku na huku mara zisizohesabika katika muda mfupi sana. Mtaalamu mwingine, Paulo Tabuada, alionyesha mwaka 2007 jinsi ya kupanga mtambo wa tukio ili kati ya mwito mmoja na mwingine pawe na muda ambao hauwezi kupungua chini ya kiasi fulani. Lakini uthibitisho wake ulikuwa wa mtambo usiotikiswa na bahati nasibu. Penye bahati nasibu, muda huo haujileti wenyewe. Lazima mtu auweke kwa makusudi.

Mafundi wa mvuke walilijua jambo hili kwa mikono kabla ya wenye hesabu. Tazama vali ya usalama juu ya boila. Mfaransa Denis Papin aliweka vali ya namna hiyo kwenye chungu chake cha mvuke karibu na mwaka 1680: uzito umekaa juu ya tundu, mvuke ukizidi nguvu unauinua uzito na kutoka. Hiyo ni kazi ya tukio kabisa, wala haina saa. Lakini vali inayofunguka na kufungwa kwa presha ile ile hugongagonga, na mwisho huharibu kikalio chake ikawa inavuja. Ndiyo maana vali za leo hutengenezwa zifunguke kwa presha moja na zifungwe kwa presha iliyo chini kidogo. Kama imewekwa ifunguke kwenye bar 10, haitafungwa mpaka presha ishuke, tuseme, hadi bar 9 na nusu. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayoipumzisha vali.

Kengele nayo inahitaji nafasi kama hiyo. Ilie maji yakifika alama ya chini, na isihesabu kwamba mambo yamekwisha mpaka maji yapande hadi alama ya juu yake. Au ingoje sekunde chache kabla ya kulia, ili mchezo wa maji usiiamshe bure. Lakini hapa tahadhari. Katika kiwanda kimoja tulichotembelea, ambacho hatutakitaja, watu walichoshwa na kelele, na fundi akarefusha muda wa kungoja mpaka dakika mbili. Kelele ikaisha, kila mtu akafurahi. Mzee mmoja wa boila akatuambia, "Sasa inaniita baada ya mimi kujua." Na huyo alijua kwa sababu alikuwa bado anakaa pale pale. Akihamishwa kwenye mashine ya kukausha, nani atajua?

Sasa tuje kwenye hesabu ya mtu mmoja kwa boila mbili. Meneja hutoa wastani. Anasema: tumehesabu, kengele zote hulia mara 6 kwa usiku wa saa 12, na kila mwito unamchukua mtu dakika 20. Hiyo ni saa 2 tu za kazi, saa 10 amekaa bure. Ukisikia hivyo unaona aibu kubisha.

Ndugu, msione aibu. Wastani hauelezi wakati. Mwito 6 katika saa 12 haina maana kwamba kengele italia kila baada ya saa 2 kama kengele ya shule. Mjaribu wenyewe wakati wa chakula. Saa 12 zina vipande 36 vya dakika 20. Andikeni namba 1 hadi 36 kwenye vikaratasi, tieni kwenye kofia, mchomoe kimoja, mwandike namba yake, mkirudishe, mtikise, mchomoe tena, mpaka mara 6. Huo ni usiku mmoja. Fanyeni usiku 30 hivi. Mtakuta kwamba karibu usiku mmoja katika kila tatu, namba moja imetokea mara mbili: yaani miito miwili katika kipande kimoja cha dakika 20. Na tukihesabu pia miito inayoangukia mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kinachofuata, basi katika usiku 100 wenye miito 6, karibu 60 utakuwa na mwito mmoja unaolia kabla mtu hajamaliza wa kwanza. Hiyo ni zaidi ya nusu, na hakuna aliyefanya uzembe.

Tena hesabu hiyo inamhurumia mwajiri. Imechukulia kwamba kila mwito hauhusiani na mwingine. Katika kiwanda chetu yanahusiana. Kuni zikiwa mbichi ni mbichi kwa boila zote mbili. Umeme ukikatika, pampu zote mbili zinasimama pamoja. Kwa hiyo shida huja kwa mafungu kuliko vikaratasi vya kofia vinavyoonyesha.

Mafungu yakizidi, hata watu wawili hawatoshi. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka baada ya radi kuvuruga mitambo, na watu 26 wakaumia. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, wafanyakazi wawili waliokuwa kwenye chumba cha mitambo walipigiwa kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Kengele ya maana ilikuwa humo humo ndani, imezikwa. Mwaka 1999 chama cha wenye mitambo cha Uingereza kilitoa mwongozo kwamba katika siku za kawaida mtu asipigiwe kengele zaidi ya moja kwa kila dakika 10. Na hapo wanasema juu ya mtu aliyekaa kitini mbele ya taa zake. Wetu anatembea, amebeba kuni, na ngazi ya kwenda kwenye majani ina utelezi.

Kutembea huko nako ni sehemu ya hesabu. Alama ya kengele isiwekwe kwa kukadiria machoni. Tuchukue boila inayotoa tani 3 za mvuke kwa saa. Inakunywa karibu lita 50 za maji kila dakika. Kama pampu imekufa, na kati ya alama ya kengele na mabomba ya moto kuna lita 400, basi mna dakika 8 mpaka mabomba yaanze kuachwa wazi. Mtu akiwa ghorofani kwenye majani, akihitaji dakika 1 kusikia na kuacha alichoshika, 3 kufika, na 2 kujua kimeharibika nini, zimebaki 2. Akiwa tayari kwenye boila ya pili anashughulikia mwito mwingine, hazijabaki. Basi alama ipandishwe juu, ili kengele ilie mapema zaidi, au mtu asiwe mbali. Moja katika hayo mawili.

Wapo watakaosema kwamba sanduku huzima moto lenyewe. Kwa boila ya mafuta ni kweli: swichi inakata mafuta, mwali unakufa pale pale. Boila zetu nyingi zinakula kuni za mikaratasi. Sanduku linaweza kusimamisha feni tu. Makaa yaliyojaa kwenye tanuri hayajui habari ya swichi, yanaendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Anayehitajika ni mtu wa kuufunika moto au kuuondoa, na anayejua kwamba maji yakiwa yamepotea kabisa kwenye kioo, haruhusiwi kuingiza maji baridi juu ya mabomba yaliyopata moto. Sanduku lililotengenezwa kwa boila ya mafuta likiletwa kwenye boila ya kuni huleta na ahadi zisizo zake.

Iko hila nyingine ambayo tumeiona, labda bila nia mbaya. Miito ikiwa mingi, mtu huja akafungua sanduku na kusogeza mpaka. Katika ile hesabu ya kitu kinachotangatanga, ukiupanua mpaka mara 2, muda wa kungoja mwito kwa wastani huongezeka mara 4. Yaani miito hushuka hadi robo. Kwenye karatasi ya mwisho wa mwezi inaonekana kama kiwanda kimetengenea: mwezi uliopita miito 160, mwezi huu 40. Boila haijabadilika hata kidogo. Imeachwa tu itangetange mbali zaidi kabla mtu hajaambiwa. Kwa hiyo mkiletewa hesabu kwamba miito imepungua na mtu wa pili hahitajiki, swali lenu la kwanza liwe: mpaka umesogezwa na nani, siku gani?

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hili lahusu kengele kuliko yote. Kwa njia ya saa, mlinzi asipotokea saa tano, unajua kuna jambo. Kwa njia ya tukio, kimya kina maana mbili. Huenda mambo ni mazuri, huenda panya amekata waya. Mbwa aliyelala na mbwa aliyekufa hawana tofauti ukiwatazama kutoka mbali. Mafundi wazuri hulitibu hili kwa njia mbili. Ya kwanza, waya ufungwe hivi kwamba umeme upite muda wote mambo yakiwa salama, na kengele ilie umeme huo ukikoma. Hapo waya ukikatika, kengele inalia, hainyamazi. Ya pili, pawe na muda wa juu kabisa wa kimya. Hata kama hakuna mwito, kila baada ya muda fulani, tuseme saa 1, mtu aende kwenye boila, atazame kioo kwa macho yake, apulize kioo hicho kuhakikisha hakijaziba, na aandike. Ndiyo kusema saa haifukuzwi na tukio. Vinakaa pamoja.

Na kuna mambo ambayo kengele haikuambiwa kabisa. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu cha Grover, mji wa Brockton huko Massachusetts, Marekani, ililipuka ikaangusha jengo zima, na watu 58 wakafa. Ilikuwa boila ya zamani, iliyowashwa kwa sababu ile mpya ilikuwa imesimamishwa kwa usafi. Chanzo kilikuwa ufa uliojificha kwenye kiungo cha mabati yake. Maji yangeweza kuwa sawa, presha sawa, na kengele yoyote ya leo ya maji na presha ingenyamaza. Kwa ajili ya maiti wale jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya boila mwaka 1907. Uganda nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na ukaguzi wa boila umo. Ukaguzi huo ni wa saa, wa kalenda. Sanduku jipya halipunguzi hata siku moja.

Kwa hiyo matawi yaliyotuuliza tumeyashauri hivi. Msiingie mkutanoni na neno "kengele tunaikataa". Ingieni na nyakati, na zote ziandikwe kwenye mapatano ya kazi kwa dakika, si kwa maneno kama "mapema" au "bila kuchelewa". Iandikwe dakika ngapi toka kengele kulia mpaka hatari, pampu ikiwa imekufa, na mhandisi aipime mbele ya mjumbe wetu. Iandikwe mtu wa boila anaruhusiwa kuwa umbali wa dakika ngapi. Uandikwe muda wa juu kabisa wa kimya. Na kuhusu miito miwili kwa pamoja, iandikwe jina la mtu wa pili anayepaswa kuja, kwa cheo chake, na asiwe mtu aliyelala nyumbani ng'ambo ya shamba. Meneja akikosa la kujibu hapo, amekiri mwenyewe kwamba zamu inahitaji watu wawili.

Kama mapatano yanachelewa, kazi moja haihitaji ruhusa ya mtu. Ni daftari. Kila mwito uandikwe saa na dakika ulipolia, saa na dakika mtu alipofika, na ulikwisha lini. Wengi huandika idadi tu, "leo mara 5", na idadi haisaidii kitu, maana kama tulivyoona, 5 zilizotawanyika na 5 zilizofuatana ni usiku wa namna mbili. Tawi moja limekwisha kutuletea daftari la wiki sita. Tulikaa nalo jioni moja, tukakuta usiku ambao kengele 4 zililia kati ya saa nane na saa tisa, na mtu wa boila akiwa peke yake. Katika hesabu za mwezi za meneja usiku ule umeandikwa kuwa wa kawaida.

Palikuwa na ubishi kidogo katika tawi hilo kama kengele ya majaribio, ile inayobonyezwa mwanzo wa zamu, iandikwe pamoja na nyingine. Wamekubaliana iandikwe, lakini kwa wino mwekundu.